Kuuza kabati la mama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vitu tunavyoshindwa kuachana navyo

Nina banda la samani zilizotumika hapa Dodoma. Watu huniletea meza, makabati, vitanda, cherehani, redio za zamani. Kazi yenyewe ni ya dakika kumi: kukagua mbao, kutaja bei, kupakia. Lakini mara nyingi mtu hukaa saa nzima, mkono uko kwenye kona ya kabati, ananisimulia lilivyoingia nyumbani kwao. Wengine hulipandisha tena kwenye mkokoteni na kurudi nalo. Mwanzoni niliona wananichelewesha. Siku hizi nimeweka benchi.

Maswali haya ndiyo yanayorudi kwenye benchi hilo mwaka hadi mwaka. Nimeanza na ya msingi, yale magumu yako mwishoni. Pale ambapo jambo limeshaelezwa, nimetaja namba ya swali ili nisirudie.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini kitu kisicho na uhai kiniume kama ndugu?

Kwa sababu mpaka kati yako na vitu vyako si mkali kama unavyodhani. William James, mmoja wa waasisi wa saikolojia, aliandika mwaka 1890 kwamba nafsi ya mtu ni jumla ya vyote anavyoweza kuviita vyake: mwili, nguo, nyumba, jamaa zake, kazi yake. Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1988, mtafiti wa Marekani Russell Belk aliliendeleza wazo hilo kwa kueleza kuwa vitu tulivyonavyo ni nafsi iliyotanuka nje ya ngozi.

Huhitaji vitabu kulithibitisha. Muulize aliyevunjiwa nyumba. Televisheni ataitaja mara moja, kisha atarudi tena na tena kwenye mkoba uliokuwa na picha ya marehemu kaka yake. Wezi wenyewe huenda waliitupa mtaroni.

2. Kupenda vitu si ndiyo tamaa hiyo hiyo?

Hapana, na kuvichanganya kumewaonea wengi. Mwenye tamaa anataka kitu kinachofuata. Akipata simu hii, macho yako kwenye ile. Aliyefungamana na kitu anataka hiki hiki, chenye ufa wake na doa lake la chai.

Kipimo ni rahisi. Nikikupa kipya kinachofanana nacho kabisa, utakubali tubadilishane? Ukikubali bila kusita, ulikuwa unapenda matumizi yake au sifa yake. Ukikataa, kuna mtu au kipindi cha maisha yako ndani ya kile cha zamani. Mwaka 2008 Bruce Hood na Paul Bloom walichapisha jaribio walilowafanyia watoto wadogo. Waliwaonyesha mashine iliyoonekana kana kwamba inaweza kunakili kitu chochote. Watoto wengi wenye mdoli au kitambaa wanacholala nacho walikataa kuondoka na nakala, na baadhi yao hawakukubali hata kitu chao kiingizwe kwenye mashine. Hakuna aliyewafundisha.

3. Mwanangu halali bila kipande cha kanga yangu. Nimwachishe?

Mwache nacho. Daktari wa watoto na mtaalamu wa nafsi wa Uingereza, Donald Winnicott, alilieleza jambo hili mwaka 1953. Mtoto anapoanza kutambua kuwa mama ni mtu mwingine anayeweza kuondoka, huchagua kitu cha kumvusha: blanketi, mdoli, kitambaa. Kwetu mara nyingi ni kanga, kwa sababu ndiyo aliyobebewa mgongoni.

Winnicott alisisitiza jambo ambalo akina mama wengi wanalijua tayari: usikifue kabla mtoto hajawa radhi. Harufu ni sehemu ya kitu. Kwa kawaida mtoto hukiacha mwenyewe polepole anapokua. Hakuna siku ya kukizika.

## Bei na soko

4. Kwa nini bei ninayotajiwa inaniuma kama tusi?

Hili ndilo swali la kwanza bandani kwangu, ingawa wachache hulisema kwa maneno. Linaonekana usoni.

Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambayo sehemu yake yalifanyika kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Nusu yao walipewa vikombe vya kawaida vya chuo. Wenye vikombe wakaulizwa watauza kwa bei gani, wasio navyo wakaulizwa watanunua kwa bei gani. Wauzaji walitaka takriban mara mbili ya walichokuwa tayari kutoa wanunuzi. Vikombe vile walikuwa wamekaa navyo kwa dakika tu, na hakuna aliyekuwa amevinywea chai na marehemu mama yake.

Sasa fikiria meza uliyokaa nayo miaka ishirini. Unapotaja bei yake umeweka ndani harusi yako, mtoto wa kwanza aliyejifunza kusimama kwa kuishika mguu, na usiku ule wa matokeo ya kidato cha nne. Mimi nanunua mbao. Naangalia kama ni mninga au paini, kama mchwa wameingia, kama droo zinateleza. Ninapotaja bei ya mbao sijaidharau harusi yako, ila sina namna ya kuilipia.

Ushauri wangu, hata kama unaninyima biashara: bei ikikuuma sana, usiuze siku hiyo. Mtafute mtu atakayeitumia, mpe bure. Nimewaona wengi wanaolala vizuri baada ya kutoa zawadi na wachache sana wanaolala vizuri baada ya kuuza kwa bei ya kutupa.

5. Je, wanadamu wote wako hivi, au ni mafunzo ya maisha ya kununua na kuuza?

Jibu bora ninalolijua limetoka jirani na sisi, kwa Wahadza wa eneo la Ziwa Eyasi, jamii ya wawindaji na wakusanyaji inayoishi pia upande wa Mkalama mkoani Singida. Mwaka 2014 Coren Apicella na wenzake walichapisha utafiti ambao Wahadza walipewa kitu kidogo, biskuti au kiberiti cha gesi, kisha wakaruhusiwa kukibadilisha na kingine cha aina hiyo hiyo. Kwenye kambi za mbali na soko, asilimia 53 walibadilisha, yaani nusu kwa nusu, kama mtu asiyeona tofauti. Kwenye kambi zilizo karibu na kijiji cha Mangola, ambako kuna biashara na watalii, waliobadilisha walikuwa asilimia 25 tu. Watu ni wale wale na lugha ni ile ile. Kilichotofautiana ni umbali wao na soko.

Kwa hiyo ile hali ya kukithamini kitu kwa sababu tu kimeshaingia mkononi mwangu inaonekana kukua pale mtu anapoishi maisha ya changu na chako. Wahadza wa porini wana desturi ya nguvu ya kugawana, mtu akikiomba kitu ni vigumu kukinyima.

Nisichokubali ni wale wanaochukua utafiti huu na kusema mababu zetu hawakujali vitu. Biskuti si upinde wa baba. Jaribio lilipima kitu cha mgeni kilichopokelewa muda ule ule, halikupima kumbukumbu.

6. Mbona nikishashika kitu mnadani nashindwa kukirudisha?

Kwa sababu kushika ni nusu ya kumiliki. Joann Peck na Suzanne Shu walionyesha mwaka 2009 kwamba kukigusa kitu tu huongeza hisia kuwa ni chako, na huweza kukufanya ukithamini zaidi. Wauza mitumba wa Sabasaba na wa mnada wa Msalato hawakusubiri utafiti. "Shika tu mama, kushika bure." Ukijijua, angalia kwanza kwa macho, uliza bei, kisha shika.

7. Stuli niliyoitengeneza mwenyewe imepinda, lakini siitoi kwa bei yoyote. Ni kiburi?

Ni jasho lako. Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely waliliandikia mwaka 2012: watu walithamini vitu walivyoviunga kwa mikono yao karibu sawa na kazi ya mafundi, ilimradi kazi iwe imekamilika. Stuli iliyopinda inakalika. Kaa.

## Kuhama

8. Nahamia Dodoma kutoka Dar es Salaam. Nibebe nini, niache nini?

Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia hapa Julai 2016, nimenunua vitu vingi vilivyobebwa kilomita takriban 450 na kuuzwa ndani ya mwezi mmoja. Inasikitisha kumwona mtu amelipia fuso kuleta kochi ambalo halipiti kwenye mlango wa nyumba aliyopanga. Familia moja ilimwita fundi akate mikono ya kochi ili liingie. Liliingia. Hawakulipenda tena, wakaniuzia.

Pima milango kabla ya kupakia. Jua pia kwamba hewa ya hapa ni kavu. Tunapata mvua kwa wastani chini ya milimita 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki ni upepo na vumbi. Kabati lililozoea unyevu wa pwani likifika huku mbao zake husinyaa: milango hulegea, paneli hupasuka, gundi huachia. Usidhani fundi alikudanganya. Lipake mafuta ya mbao mapema, na usiliweke dirishani kwenye jua la mchana. Chini ya miguu weka vigae au mawe bapa, maana mchwa wa Dodoma hawamjui mgeni.

Hiyo ndiyo hesabu ya mbao. Hesabu ya moyo ni tofauti. Sijawahi kumsikia mtu akijuta kwa kuacha kochi. Wanaojuta huwa wameacha vitu vidogo: mwiko, kiti cha kibarazani, chetezo, mbuzi ya kukunia nazi. Mama mmoja kutoka Temeke aliniambia mbuzi yake iko chini ya kitanda hapa Ilazo. Anaunga mboga kwa karanga siku hizi kama majirani zake, na anazipenda. Lakini mbuzi haitoki. Nilimwambia asiitoe. Kitu hicho hakimzidishii mzigo, na siku wajukuu watakapokuja kuna jambo la kuwaonyesha.

Wapo sasa wanaoviacha vitu kwa ndugu Dar, kwa kuwa tangu Julai 2024 treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, inafika hapa na safari imekuwa ya saa chache. Ni suluhisho zuri kama huyo ndugu ameelezwa kitu ni cha nani na kwa nini kimeachwa. Asipoelezwa, atakiuza kwa mtu wa vyuma chakavu, na hutakuwa na haki ya kumnunia.

9. Nina kabati la vyombo vya wageni ambavyo havijawahi kutumika. Nivibebe?

Vibebe, kisha ukifika vitoe kabatini.

Nalisema kwa uchungu. Kila ninaponunua kabati la kioo nakuta ndani alama za duara kwenye vumbi, pale seti ya vikombe ilipokaa miaka ishirini na tano, chini ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Mama alikuwa akimsubiri mgeni anayestahili. Mara nyingi vikombe hivyo hutoka mara ya kwanza kwenye msiba wake, vikashikwa na watu wasiojua alivyovitunza, viwili vikavunjika jikoni. Kama mama yako bado yupo, mwombe mnywe chai kwenye vikombe hivyo Jumapili hii. Akisema ni vya wageni, mwambie umekuja ugenini kwake.

## Msiba na urithi

10. Vitu vya marehemu vigawiwe lini?

Desturi zinatofautiana. Familia nyingi hugawa nguo siku ya kuanua matanga, wengine husubiri arobaini, wengine mwaka. Fuata ya kwenu, lakini tenganisha mafungu mawili.

Fungu la kwanza halisubiri: hati za nyumba na viwanja, vyeti, kadi za benki, karatasi za pensheni na za mikopo. Mtu mmoja anayeaminika avikusanye siku za mwanzo, avipige picha na kuviorodhesha mbele ya mwingine. Fungu la pili ni vitu vya moyo, na hivi havina haraka. Usimruhusu mtu aliyekuja na basi la asubuhi na anayeondoka na la jioni aamue hatima ya kiti alichokalia baba yenu miaka thelathini.

Kwa mjane au mgane ninaongeza jambo moja. Nyumba bado ni yake kuishi. Watu wakianza kubeba magodoro na sufuria wakati matanga hayajaanuliwa, sema hapana, na waite wazee au mwenyekiti wa mtaa. Soma pia swali la 13.

11. Kanga ya mama bado ina harufu yake. Nikiifua nitakuwa nimempoteza tena?

Swali hili liliulizwa na mwanamume wa makamo, mtumishi, ambaye alikuja kuuza kitanda. Kanga ilikuwa kwenye mfuko wa shati.

Harufu ina njia fupi ndani ya ubongo kwenda sehemu zinazohifadhi kumbukumbu na hisia, ndiyo maana inakurudishia mtu kamili kabla hujajiandaa. Usiharakishe. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uiweke mbali na jua, ifungue mara chache. Hata hivyo harufu itakwisha, ufue usifue. Ikikaribia kwisha, au ukiona unaogopa kuifungua, hapo ndipo pa kuifua, kwa mikono, na kuivaa au kumpa dada yako aivae. Kanga huja doti, vipande viwili. Familia nyingi ninazozijua ziliigawa: kimoja kwa huyu, kimoja kwa yule, na jina la kanga likasomwa kwa sauti siku hiyo, kila mmoja akieleza anavyodhani mama aliinunua ili kumjibu nani.

12. Shamba tumegawana kwa amani. Mbona tunagombana kwa ajili ya kinu?

Kwa sababu shamba linagawanyika na kinu hakigawanyiki. Na kwa sababu hamgombei kinu.

Nilishuhudia ndugu watano, watu wenye kazi zao, waliopima ekari za mizabibu huko Hombolo kwa siku moja na kupeana mikono. Kisha wakanuniana miaka miwili kwa sababu ya kinu cha mti wa mkungugu kilichochakaa ambacho nisingekinunua hata kwa bei ya kuni. Dada mkubwa alisema ni chake kwa kuwa ndiye aliyetwanga akiwa na miaka saba wadogo zake wakicheza. Kitinda mimba alisema ni chake kwa kuwa ndiye aliyemuuguza mama. Ukisikiliza vizuri, mmoja alikuwa akisema "hamkuniona nilipofanya kazi", na mwingine "hamkuniona nilipobaki peke yangu". Hakuna fundi anayeweza kuchonga vinu viwili vya kujibu hayo.

Kilichowasaidia ni mjomba wao. Aliwakusanya, akakiweka kinu katikati, akasema hakitaondoka hapo mpaka kila mmoja aseme alichokifanya nacho na alichomwona mama akikifanya. Simu ikarekodi. Ilichukua mchana mzima na walilia. Baadaye dada mkubwa mwenyewe alisema kikae kwa mdogo, ila kipelekwe kwake kila Desemba familia inapokutana. Kinazunguka hadi leo.

Kama hamna mjomba wa namna hiyo, angalau msianze na swali la "nani achukue". Anzeni na "nani atakitumia", halafu "nani anazijua habari zake". Mara nyingi ni mtu mmoja, na wote mnamjua.

13. Kisheria vitu vidogo ni vya nani?

Ni sehemu ya mirathi kama vingine. Anayepaswa kukusanya na kugawa ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa au kuteuliwa na mahakama, si yule mwenye sauti kubwa kikaoni. Kwa kawaida ukoo hukaa kikao, muhtasari ukaandikwa, na ombi likapelekwa mahakamani pamoja na cheti cha kifo. Kwa familia nyingi hiyo ni Mahakama ya Mwanzo.

Unaweza kuzuia ugomvi wote wa swali la 12 kwa kuandika wosia unaotaja hata kinu, na wosia unaweza kuhifadhiwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kwa Waislamu, wosia hauzidi theluthi ya mali na haumwongezei mrithi juu ya fungu lake bila ridhaa ya wengine. Kwa hiyo kama unataka binti fulani apate cherehani yako, njia nyepesi ni kumkabidhi ukiwa hai.

14. Watoto wangu hawavitaki vitu vyangu. Je, hawanipendi?

Wanakupenda. Wanaishi kwenye vyumba viwili vya kupanga Chang'ombe au Nkuhungu na hawana pa kuliweka kabati la milango minne. Pia, ukweli lazima usemwe, hawajui habari zake. Unaona kabati la mahari yako, wao wanaona kabati.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii huwa tunaipeleka dukani, lakini mimi naileta chumbani. Chukua kipande cha karatasi, andika: kilinunuliwa mwaka gani, kwa pesa ya nini, kilitengenezwa na fundi gani, kilikuwa wapi tulipohama. Kibandike chini ya droo. Samani zenye karatasi hiyo hazifiki kwangu mara nyingi, na zikifika huuzwa kwa mtu anayeisoma kabla ya kuuliza bei.

Kama kitu lazima kiondoke, kipige picha kwanza. Karen Winterich na wenzake walijaribu jambo hili kwenye mabweni ya chuo kimoja nchini Marekani wakati wa kukusanya vitu vya msaada, na kulichapisha mwaka 2017. Mabweni yaliyoambiwa yapige picha vitu vya kumbukumbu kabla ya kuvitoa yalikusanya vitu 613, mengine 533. Kumbe wengi hung'ang'ania kwa hofu ya kusahau. Hofu hiyo ikipata pa kukaa, mkono unaachia.

15. Sauti ya marehemu baba iko kwenye simu mbovu. Nifanye nini?

Hili ni la kufanya leo. Mpelekee fundi simu kwa ajili ya kuokoa kumbukumbu, na mwambie wazi kabla hajaifungua kwamba kisifutwe chochote. Ujumbe wa sauti uliomo WhatsApp uhamishie kwa watu wawili na kwenye kompyuta. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa, ingawa vilivyohifadhiwa kwenye simu yenyewe hubaki mpaka programu iondolewe. Laini isiyotumika muda mrefu nayo hufungwa. Kanda za zamani za redio kaseti ziwekwe mbali na joto na vumbi, na zinakiliwe mapema.

## Ndani ya nyumba

16. Mume wangu hatupi kitu, kila siku "akiba haiozi". Nikivitupa akiwa safarini kuna ubaya?

Kuna ubaya. Utapata nafasi stoo na utapoteza imani ya mtu. Kwa aliyekulia kwenye nyumba ambayo bati moja lilikuwa mali, bomba la zamani na debe lisilo na kitako ni uhakika kwamba kesho hatakosa. Hapa kwetu miaka ya njaa na ya maduka matupu haijasahaulika kwa walioiona, na kuwaita wachafu ni kuwadhulumu.

Kaeni mkubaliane eneo, si vitu. Mwambie: rafu hizi mbili na kona hii ni zako, sitagusa, zikijaa, kitu kimoja kinatoka kabla kingine hakijaingia. Yeye ndiye achague kinachotoka. Taratibu, lakini huwa inafanya kazi.

17. Ni wakati gani inakuwa ugonjwa?

Pale vitu vinapoizuia nyumba kuwa nyumba: jiko halipikiki, kitanda hakilaliki, watoto hawawezi kupita, na wazo tu la kutoa mfuko wa makopo linamletea mtu dhiki kali. Hali hii imetambuliwa rasmi kama tatizo la afya ya akili linalojitegemea, kwanza kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013, kisha kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022. Mara nyingi huanza ujanani na huongezeka kadiri umri unavyokwenda.

Kuja na vijana na fuso na kusafisha kila kitu kwa siku moja hakutibu. Mgonjwa huumia vibaya, na baada ya muda nyumba hujaa tena. Kinachosaidia ni tiba ya mazungumzo inayoshughulikia fikra na mazoea yake hatua kwa hatua. Sisi wa Dodoma tuko karibu na msaada: Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iko hapa hapa tangu mwaka 1927. Bado kuna watu wanaoona haya kutajwa na jina hilo, na aibu hiyo imewafungia ndani wazazi ambao wangesaidika.

18. Zawadi ya harusi nisiyoipenda, na vitu vya mchumba wa zamani?

Zawadi: aliyekupa alishapokea furaha yake siku ya kutoa. Mpe anayeihitaji, nje ya mzunguko wa walioalikwa. Vitu vya mchumba: tumia kipimo cha swali la 2. Kama ni jagi tu, chemshia maji. Kama bado ni yeye, mpe rafiki akuhifadhie mwaka mmoja.

## Maswali ya pembeni

19. Ng'ombe naye ni kitu?

Kwa mfugaji wa Kigogo swali hili halikai sawa. Ng'ombe ana jina la rangi yake na mabaka yake, na ana ukoo: huyu ni mjukuu wa yule aliyekuja na mahari ya shangazi. Ndiyo maana ofisa anaposhauri kupunguza mifugo kabla ya kiangazi, mzee husikia ameambiwa auze undugu. Ushauri wenyewe ni sahihi, ng'ombe aliyekufa kwa ukame hana bei wala maziwa. Lakini nimeona mzee akikubali haraka alipoulizwa "ukoo gani tuubakize?" badala ya "wangapi tuuze?"

20. Nimeshauza, na sasa najuta. Nikifuate?

Fuata mapema, ndani ya wiki. Mimi hukiweka nyuma ya banda siku saba kila kitu ambacho muuzaji alikisimulia sana, na nikirudishiwa pesa yangu nakirudisha. Baada ya hapo kimeshaanza maisha kwa mwingine. Omba picha, na mpelekee mwenye nacho habari zake. Wengi hupokea kwa furaha.

21. Nyumba ya babu imebomoka na imebaki mahame. Tubebe nini?

Tembe haibebeki. Ni miti na udongo, paa lake bapa ni udongo, na likiachwa bila mtu wa kulikarabati, masika machache tu hulirudisha lilikotoka. Wengine huchukua mlango au nguzo. Wengine huchukua kibuyu kilichokuwa kikisukia maziwa.

Nitasema tulichofanya sisi. Katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 watu wa huku walihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Bibi alibeba watoto, vyungu, mbegu za uwele na jembe. Jiwe la kusagia lilibaki, halikubebeka. Alikuwa akilitembelea kila mwaka baada ya mavuno, anakaa chini, anaweka kiganja kwenye ule mfereji uliochimbwa na mikono ya mama yake na yake mwenyewe. Nilipopata gari nilimwambia, bibi, twende nikakuletee jiwe lako. Akasema, "Mjukuu wangu, ukilileta hapa litakuwa jiwe. Kule ni nyumbani."

Alipofariki tulikwenda watu tisa, wakubwa kwa watoto. Tulilipiga picha, tukamwagia uwele kidogo, kila mtoto akasukuma mara moja kwa jiwe dogo la juu. Unga ulitoka mbaya, wenye mchanga. Jiwe tukaliacha. Mwaka huu nilipita Januari nikalikuta limejaa maji ya mvua mpaka kwenye ukingo.